Naomba ushauri: manju za Ikaho kwa wenzangu wa kazini
Ndugu zangu, naomba ushauri. Jumapili nitakuwa Ikaho, mji wa chemchemi za maji moto mkoani Gunma, Japani, na ningependa kuwapelekea wenzangu wa ofisini Tokyo manju, yaani maandazi madogo ya mvuke yenye maharagwe matamu ndani, ambayo huko hutiwa sukari guru yakawa na rangi ya kahawia, mfano wa maji ya chemchemi yenyewe yenye chuma. Yaliyotoka jikoni punde, ngozi ikiwa bado laini na yenye unyevu, ndiyo matamu hasa, lakini hukauka upesi. Ya kwenye maboksi hudumu zaidi. Je, nikinunua yaliyopikwa siku hiyohiyo, yatafaa kuliwa Jumatatu asubuhi? Aliyewahi kuyapasha kwa mvuke, tafadhali anieleze kama ulaini hurudi.