Fedha za utafiti zinatoka muda wa kupanda umeshapita, halafu wanadai matokeo!

Wakuu,

Hili limevumiliwa vya kutosha. Ufadhili wa uzamili na uzamivu kwa wanafunzi wa sayansi, huu unaotoka kwa wafadhili wa nje na kupitia chuoni, unakwamisha tafiti za kilimo hapa Dodoma. Pesa zipo. Tatizo ni tarehe zinapotoka.

Mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua. Zinaanza Desemba, zinakata Aprili, kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, na hapo katikati jua linaweza kuwaka wiki mbili tatu mfululizo. Anayefanya jaribio la mtama Chamwino au Kongwa anatakiwa awe na shamba lililopimwa, mbegu, mbolea na vibarua kabla ya Desemba. Udongo wa sentimita 0 hadi 20 unachukuliwa kabla mbolea haijaingia ardhini. Ukichelewa hapo, mwisho wa msimu huna cha kulinganisha nacho.

Sasa angalieni kinachofanyika. Mkataba unasainiwa Septemba na muda wa ufadhili unaanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo. Fungu la utafiti linaingia akaunti ya chuo, linasubiri kuwekwa kwenye bajeti, linasubiri saini, mwanafunzi analipata Februari. Mbegu ya mtama kama Macia inakomaa kwa takriban siku 110 na kutoa maua karibu siku ya 65. Ukipanda mwisho wa Februari, maua yanatoka mwanzoni mwa Mei, ardhi imeshakauka. Masuke yanajaa mapengo, na hakuna takwimu duniani itakayotenganisha athari ya mbolea na athari ya kuchelewa kupanda. Ukimwagilia, umeshabadilisha jaribio, maana andiko la utafiti lilisema mtama wa kutegemea mvua. Kilichobaki ni kusubiri Desemba nyingine. Ucheleweshaji wa miezi miwili umekula mwaka mzima, na posho ya kujikimu ya miezi 24 haisubiri mtu.

Halafu kuna masurufu, yaani pesa ya kazi unayopewa mapema na kuitolea hesabu baadaye. Hupewi awamu ya pili mpaka urejeshe ya kwanza, na kurejesha, yaani kutoa hesabu ya ulivyotumia, kunataka risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi). Kibarua wa kupalilia kijijini Mpwapwa ataitoa wapi? Mwenye mkokoteni je? Njia ya kueleweka ipo: orodha ya malipo yenye jina, kazi, siku, kiasi na saini ya mlipwaji, chini muhuri wa mtendaji wa kijiji. Mhasibu mmoja anaipokea, mwingine anairudisha baada ya mwezi, na mwezi huo palizi ya pili imepita. Iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo kwamba inakubalika, yaishe.

Vibali navyo vina ngazi zake: barua ya chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, halmashauri, kata, kijiji. Huruki hata moja. Anzeni mapema.

Wa maabara hawajapona. Kimeng'enya cha PCR (njia ya kuzidisha nakala za DNA ili ipimwe) kinatunzwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Manunuzi yanapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na yakikamilika ankara kifani (ile ya bei ya awali ya muuzaji) imeshapitwa na muda, bei imepanda, fungu halitoshi. Mzigo ukitua Dar Ijumaa ukalala forodhani mpaka Jumatatu, barafu kavu ya kuupoza imekwisha. PCR haitoi kitu, mwanafunzi anaambiwa hajui kazi. Huo ni uonevu.

Tena chuo cha umma kinafunga mwaka wa fedha 30 Juni, mfadhili anafunga Desemba. Kila upande ukifunga, malipo yanasimama, na mwanafunzi anasimama mara mbili kwa mwaka.

Tunachodai kinawezekana. Mfadhili ahesabu muda kuanzia siku fungu la kwanza la utafiti linapomfikia mwanafunzi. Kazi za msimu zilipiwe kabla ya 31 Oktoba. Msimu ukipotea kwa uzembe wa ofisi, posho iongezwe mwaka, na gharama hiyo asibebeshwe mwanafunzi. Chuo nacho kiweke wazi tarehe pesa zilipoingia, maana hapo ndipo kila mtu anamsingizia mwenzake.

Walio kwenye ufadhili wa aina hii wekeni hapa tarehe tatu tu: mkataba kusainiwa, pesa kuingia chuoni, pesa kukufikia. Majina ya watu msiweke. Tarehe zikiwa nyingi tutazipeleka kwa mfadhili zikiwa kwenye jedwali moja, kabla hajafungua dirisha jingine la maombi.