Kutuma ripoti ya ghala kwa barua pepe kutoka cron, pamoja na kiambatisho

korosho_tty (Newala)
Wakuu, salaam. Kompyuta ya ghala ni Debian (Linux). Kila siku saa 12 jioni cron, programu inayoendesha amri kwa ratiba, huendesha skripti inayotoa ripoti.csv yenye uzito wa korosho zilizopokelewa. Inatakiwa ifike chama kikuu Mtwara mjini bila mtu kugusa kibodi. Nimetumia:

`mail -s "Ripoti" -a ripoti.csv ofisi@example.org < maelezo.txt`

Barua inafika, kiambatisho hakimo. Nakosea wapi?

mikindani
Mkuu, `mail` si programu moja. Piga `readlink -f $(which mail)` uone unayo ipi. Ikiwa ni bsd-mailx, `-a` huongeza mstari kwenye kichwa cha barua, haiambatishi chochote. Ya GNU mailutils huambatisha kwa `-A`, herufi kubwa. s-nail ndiyo inayotumia `-a` kama ulivyodhani. Ukihamisha skripti kwenda mashine nyingine, mchezo unaanza upya, kwa hiyo weka mutt tu (programu ya barua pepe ya kwenye terminal):

`mutt -s "Ripoti" -a /home/ghala/ripoti.csv -- ofisi@example.org < /home/ghala/maelezo.txt`

Usiache `--`. Bila hiyo mutt huidhania anwani ya mpokeaji kuwa faili jingine la kuambatisha. Kama huna maelezo ya kuandika, weka `< /dev/null`.

nachi_root (Nachingwea)
Naongezea upande wa kutuma, kwa msmtp, programu ndogo inayokabidhi barua kwa seva. Kwenye ~/.muttrc, faili la mipangilio ya mutt:

`set sendmail="/usr/bin/msmtp"`
`set use_from=yes`
`set from="ghala@example.org"`
`set copy=no`

Bila huo wa mwisho, nakala ya kila ripoti inarundikana kwenye ~/sent. Seva, poti 587, `tls on`, `auth on` na nywila viweke ~/.msmtprc, kisha `chmod 600`. Ruhusa zikiwa wazi zaidi msmtp inagoma. Ongeza na `logfile`, maana cron ikifeli usiku hutakuwa na pengine pa kuangalia. Poti 25 achana nayo, kampuni nyingi za intaneti huifunga.

korosho_tty
Kwa mkono imekubali, asanteni. Ndani ya crontab (orodha ya kazi za cron) imekataa nilipoweka tarehe kwenye kichwa cha habari.

mikindani
Ni alama ya `%`. Kwenye crontab inageuka mstari mpya, amri inakatikia hapo. Andika `$(date +\%F)`.

nachi_root
Na mtandao ukikatika saa 12 hiyohiyo, msmtp haina foleni: inafeli na imetoka hiyo. Kwa Newala ningefunga Postfix, programu ya barua yenye foleni, ipeleke barua kwa seva yenu; kwa kawaida hushikilia barua siku 5 ikijaribu tena, na `mailq` inakuonyesha zilizokwama. Ukiichagua, ondoa ule mstari wa msmtp kwenye muttrc.

Mkianza kuambatisha picha za stakabadhi, kumbuka base64, usimbaji unaogeuza kiambatisho kuwa maandishi, huongeza ukubwa kwa theluthi moja na ushee. MB 20 zinavuka 27, na seva nyingi zina kikomo cha ukubwa wa barua. Bana kwa zip, si gzip. Mhasibu mwenye Windows ataifungua bila kukupigia simu. Ila picha za JPEG hazibaniki, hizo zipunguze vipimo kwanza.