MREJESHO: Maana ya jina Kennedy

Ndugu zangu, narudi kuwashukuru. Wiki tatu zilizopita niliwaomba mnieleze maana ya Kennedy, jina ambalo marehemu baba alimpa mdogo wangu kwa heshima ya rais wa Marekani aliyeuawa mwaka 1963, ili nipate la kusema harusini kwake. Mlinijibu kwamba ni ukoo wa Kiayalandi, Ó Cinnéide, yaani uzao wa Cinnéide, na kwamba "ceann" ni kichwa, ila sehemu ya pili wengine huisoma kuwa ubaya na wengine vazi la vita. Kwa hiyo ama ni Kichwa Kibaya, ama ni Kichwa chenye Kofia ya Chuma.

Nilifuata ushauri wa kuanza na ubaya, kunyamaza kidogo, kisha kuleta kofia. Ukumbi ulicheka, lakini mama mkwe wake alimgeukia shangazi na kuuliza kama hilo ni tusi la kwetu. Nadhani nilinyamaza mno. Kofia ndiyo iliyoniokoa, kwa kuwa bwana harusi ni dereva wa bodaboda ambaye kofia yake huning'inia kwenye usukani siku zote: niliposema kwamba Waayalandi walikwishamwagiza aivae tangu karne ya 10, hata mama huyo alijifunika mtandio akacheka.

Ushauri wa kuandika jina kwa Kiayalandi juu ya keki ulishindikana, kwani mwokaji aliandika "O Sineide".

Kijiweni sasa anaitwa Kofia, na anaivaa, ingawa mkanda hafungi.