Mdogo wangu anaambiwa aache kisahani awe raningi beki huko Marekani. Mwenye uelewa anisaidie

DadaWaNyamanoro
Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Nina mdogo wangu wa kiume, yuko chuo Marekani mwaka wa pili. Alipata ufadhili kwa kurusha kisahani na tufe. Tangu enzi za UMISSETA alikuwa anarusha mpaka watu wanaenda kutafuta kisahani kwenye mahindi ya jirani. Sasa kocha wa mpira wa Kimarekani hapo chuoni kauona ule mwili, kaona na mbio zake, kamwita ajaribu. Nafasi yenyewe inaitwa raningi beki. Mwenyewe halali kwa furaha, anatuma video kila siku, mimi naona tu watu wanarundikana kama abiria wa Kisesa saa kumi na mbili jioni.

Mama ana swali moja: hiyo ni kazi ya miaka mingapi? Yeye kichwani anapiga hesabu za ualimu, mpaka kustaafu. Nimekosa cha kumjibu. Tafadhali, asije mtu kuniambia "fursa hiyo, mwache".

mtu_wa_igoma
Fursa hiyo, mwache. (Natania dada, ngoja wajuzi waje.)

ZamuYaUsiku
Marahaba binti yangu. Mimi nalinda usiku Capri Point, mwaka wa tisa huu. Mechi zao za Jumapili zinaanza kwetu jioni saa mbili au saa tatu, ya mwisho inaisha kumekucha. Ile fainali yao, Super Bowl, inaanza saa nane na nusu usiku. Kwa hiyo nimeziangalia nyingi, kwa simu, na bando langu mwenyewe.

Kabla ya lindo nilikuwa kuli Mwaloni miaka kumi na moja, na kwa swali la mama yako ukuli ndio utanisaidia zaidi. Timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, kama mita tisa hivi. Raningi beki anakabidhiwa mpira mkononi, anauficha kwapani na kuingia nao katikati ya watu wenye kilo mia na zaidi. Anaangushwa, anainuka, anapewa tena. Kila akipewa inaandikwa. Ni gunia hilo.

Mwambie mdogo wako amsome Christian Okoye. Mnigeria, mzaliwa wa Enugu, alikwenda chuo cha Azusa Pacific kule California kwa kisahani hichohicho. Mwaka 1984 Nigeria haikumchukua kwenye Olimpiki, ndipo akaingia mpira wa Kimarekani, umri umeshafika miaka ishirini na kitu, hajawahi kuucheza. Timu ya Kansas City Chiefs ikamchukua 1987. Mwaka 1989 akaongoza ligi nzima: alikimbia na mpira yadi 1,480, kapewa mpira mara 370. Wakamwita Jinamizi la Nigeria, maana kumwangusha ilikuwa kazi ya watu watatu.

Hiyo 370 ndiyo nataka muitazame. Pale Mwaloni mtumbwi wa dagaa ukifika kutoka visiwani, ubao unacheza, vumbi la dagaa linakuingia shingoni linawasha, wewe una ngata yako begani unakimbia. Ukiwa mwepesi bosi hakwambii pumzika. Anakwambia wewe ndiye wetu, ongeza. Na unaongeza, maana unalipwa kwa gunia na una miaka 24. Mwaka uliofuata Okoye alipata yadi 805. Akainuka kidogo 1991, akapita elfu moja, na baada ya msimu wa 1992 akawa amemaliza. Misimu sita, na huyo alikuwa bingwa.

Chama chao cha wachezaji hutaja wastani wa nafasi hiyo chini ya miaka mitatu. Na anayechaguliwa kwenye drafti, yaani pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, mkataba wake wa kwanza ni wa miaka minne kwa bei iliyopangwa, kwa hiyo magoti yanaliwa kabla hajafika kwenye meza ya kudai bei yake. Sisi tulikuwa tunaita kuuziwa jua la asubuhi.

beki_tatu_kirumba
Mzee wangu heshima yako, ila unamtisha dada. Frank Gore magoti yote mawili yalichanika kano akiwa chuo. Akaja kucheza NFL, ligi yao kuu ya kulipwa, misimu 16, kuanzia 2005 mpaka 2020, akaondoka na yadi 16,000 kamili. Emmitt Smith misimu 15, yadi 18,355, hakuna aliyempita mpaka leo. Miili haifanani.

ZamuYaUsiku
Kweli kabisa mwanangu. Na Mwaloni yupo mzee ana miaka sitini bado anabeba, tena anaimba. Lakini tulioanza naye mwaka mmoja tulikuwa wengi, mimi mmojawapo. Naishi Igogo juu ya mawe, nikipanda kwenda kwangu goti la kushoto linaniambia mvua kabla ya wingu.

Ukiniwekea Gore nami nakuwekea Terrell Davis wa Denver. Mwaka 1998 alikimbia yadi 2,008, kapewa mpira mara 392. Mwaka uliofuata, mechi ya nne tu, goti. Akaacha akiwa na miaka 29. Na hapo sijagusa kichwa, maana mitikiso ya ubongo haionekani kwa macho kama goti.

malimbe_mwaka_wa_tatu
Dada, tuache magoti kidogo, uliza karatasi. Ufadhili wake umeandikwa kwa riadha? Akihama mchezo unabaki au unakufa? Na yuko kwa viza ya mwanafunzi, ina masharti kwenye kazi na malipo. Siku hizi wanamichezo wa vyuo kule wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya jina lao, wenyeji wanasaini tu, mgeni akisaini kichwakichwa anaweza kuharibu viza. Aende kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kabla hajavaa hata kofia.

mtu_wa_igoma
Huyu wa Malimbe kaongea la maana kuliko sisi wote.

DadaWaNyamanoro
Wabeja sana wote, hasa mzee wa zamu. Nimempigia mdogo wangu, ufadhili ni wa riadha kweli, na hakuwa ameusoma mpaka mwisho. Kesho anakwenda ofisini. Kuhusu Okoye anamjua, kumbe kocha ndiye aliyemtajia. Kamtajia 1989 tu, 1992 hakuitaja.

Mama nimemsomea yote. Kwenye misimu sita kanyamaza, kaendelea kuchambua mchele. Halafu kauliza kama huko wanavaa kofia ngumu. Nikamwambia wanavaa, na mapedi ya mabega. Akasema, "Basi wanajua."