"Mzee, vua koti": dharau niliyoiona leo hapa kihambani, shamba letu la ukoo

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nikikosea herufi mnisamehe, na msiponisamehe sawa tu, leo sijali.

Kuna yule jamaa anayezungusha wageni wa miradi kwenye mashamba ya kahawa huku Kibosho, Kilimanjaro. Mnamjua. Sitaji jina. Yule wa miwani myeusi hata akiwa ndani ya ghala la chama cha ushirika, anayesema "wakulima wangu" utadhani katuzaa. Huyohuyo.

Leo kaleta wageni sita kutoka Ulaya kwa babu yangu. Taarifa tulipewa jana saa tatu usiku. Babu ana miaka 81, usingizi wote ukamruka. Alfajiri kaoga, kanyoa ndevu, kavaa koti la kijivu, lile la kipaimara cha baba, la harusi zote na misiba yote ya ukoo, na tai juu. Bibi kafagia mpaka chini ya migomba. Kuku wenyewe walikuwa wanatembea kwa adabu.

Wakafika saa nane badala ya saa nne. Hilo sisemi. Magari matatu kubeba watu saba, nalo sisemi.

Jamaa akamwangalia babu toka utosini hadi unyayoni, akamwambia mbele ya wajukuu: "Mzee, vua koti. Hivyo hutoki kama mkulima."

HUTOKI KAMA MKULIMA! Mtu aliyepanda mikahawa ile kabla mama yake jamaa hajajua kutambaa! Kapambana na chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, kabeba magunia hadi chamani miaka ambayo gari lilikuwa hadithi, kasomesha watoto saba kwa kahawa hiyohiyo. Leo hafanani na mkulima kwa sababu ana tai!

Na babu, kwa kuheshimu wageni, akavua. Jamaa akashusha macho. "Na viatu." Viatu, wakuu! Baridi hii ya mwezi wa saba! Akapachikwa kikapu mkononi, akaambiwa asicheke, aangalie mlima kwa huzuni. Mlima wenyewe ulikuwa umefunikwa na mawingu. Babu kahuzunikia mawingu dakika ishirini.

Wageni hawakuomba hayo, tuseme ukweli. Mama mmoja wa Kizungu aliuliza kwa nini mzee yuko peku, jamaa akamjibu eti ndiyo mila yetu. Mila! Mwingine akaniuliza kilo ngapi za matunda mabivu zinatoa kilo moja ya kahawa safi. Nikamwambia kama sita, akaandika. Swali pekee la maana siku nzima. Nikataka nimweleze na malipo ya awali, na ile nyongeza tunayoisubiri mpaka tunaisahau, honi ikalia.

Vua koti. Mzee, vua koti! Saa hizi babu kakaa jikoni, koti kalikunja mapajani, ukimwambia avae hajibu.

Huyu mtu tunamfanyaje?

Ndizi_Nyama: Uzi bila picha ya koti ni umbea.

Mleta uzi: Picha anazo yeye! Mwakani mtamwona babu kwenye kalenda, Januari, peku.

Shemeji_wa_Machame: Swali dogo. Mzee anavuliwa viatu, wewe mjukuu mwenye sauti kubwa humu ulikuwa wapi?

Mleta uzi: Nilikuwa nimeshika sinia la ndizi.

Shemeji_wa_Machame: Aah. Basi ndizi zilikuwa na ulinzi.

Meku_Mdogo: Alete masale, yale majani ya msamaha ya Kichaga, na mbuzi aombe radhi kwa mzee, yaishe.

Ndizi_Nyama: Akileta mbuzi atamwambia babu amkumbatie kwa huzuni, kamera iko tayari.

Mhaya_Halisi: Nyie mnalia koti? Huku Bukoba mgeni tunamkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, heshima tuliyorithi kwa mababu. Wetu akaitupia kwenye kikombe akaomba maji ya moto. Na mwenyeji wao, Mtanzania kabisa, anamnong'oneza eti watu hawa wana njaa mpaka wanatafuna kahawa kavu. Njaa! Mhaya!

Shemeji_wa_Machame: Mhaya hajawahi kukubali kupitwa hata kwenye kudharauliwa.

Mbinga_Juu: Mna nafuu. Sisi tuliletewa semina ya kuonja kahawa. Watu wazima tumezunguka meza, kijiko mkononi, unafyonza kwa mlio halafu unatema. Mtendaji kapaliwa. Ikifika mapumziko tukapewa chai ya rangi.

Mleta uzi: Poleni, lakini turudi kwenye koti. Kamwambia HUTOKI KAMA MKULIMA.

Mzee_wa_Ushirika: Vijana hamjui chanzo. Chanzo ni 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika. KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ni ya 1933! Mkulima alikuwa na chama nyuma yake, nani angethubutu kumgusa koti?

Ndizi_Nyama: Mzee wetu, hata kwenye uzi wa bei ya mitumba ulisema chanzo ni 1976.

Mzee_wa_Ushirika: Na ndicho.

Shamba_Boi_77: Ng'oeni hiyo mikahawa mpande parachichi, mtaongea na wanunuzi mkiwa na makoti mawili mawili.

Meku_Mdogo: Parachichi linakunywa maji kuliko shemeji yangu. Mfereji wa zamu mara moja kwa wiki, utalinywesha pombe ya mbege?

Mbinga_Juu: Hass au la kienyeji?

Shamba_Boi_77: Hass ya kubebeshwa, miaka mitatu unachuma. Miche ninayo.

Mhaya_Halisi: Mpaka Bukoba unaleta?

Mleta uzi: Jamani, babu bado yuko jikoni na koti mapajani!

Shamba_Boi_77: Mwambie alivae, usiku baridi. Mhaya, Bukoba naleta, kuanzia miche mia.

Mleta uzi: Babu akijua nimeuliza atanitoa kihambani. Mche shilingi ngapi?