Nimekuza mchoro mara 2, mbona A3 haitoshi?

baba_wawili: Wakuu habari za saa hizi. Dogo yupo form two, kapewa mchoro wa pembetatu kwenye A4 aukuze ujae A3. Mi nikawaza A3 si ni A4 mbili tu, nikaenda steshenari jamaa akabonyeza 200%, ikatoka kona moja imekatwa kabisa na hela imeenda. Nimekosea wapi?

fundi_ramani: Umechanganya urefu na eneo mkuu. Ile asilimia ya mashine inazidisha pande, sasa kila upande ukiwa mara 2 eneo linakuwa mara 4, hiyo ni saizi ya A2. Mwambie aweke 141%, maana 1.41 mara 1.41 ni kama 2 hivi. Chukua rula upime, A4 ni milimita 210 kwa 297, A3 ni 297 kwa 420.

baba_wawili: Duh kumbe! Na pembe nazo nazidisha?

mama_hesabu: Wee usiguse pembe, 60 inabaki 60. Ila mfundishe achore kwa mkono, kwenye mtihani hamna fotokopi 😂 Aweke nukta ya kitovu, apige mstari kutoka hapo upite kwenye kila kona, kama kona ipo sm 4 kutoka kwenye kitovu na skeli ni 3 basi kona mpya inakaa sm 12, apime kuanzia kitovu sio kuanzia kona ya zamani, hapo ndo wengi wanachemka.

baba_wawili: Na yeye alipima kuanzia kona 🙈 nawashukuru