Mnaofundisha kutengeneza kiwashio cha moto chenye mpini wa pembe ya kulungu, acheni kuruka hatua ya gundi

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Kila nikitazama maelekezo ya kutengeneza kiwashio cha ferosiriamu, yaani kijiti cha metali kinachotoa cheche kikikwanguliwa, chenye mpini wa pembe ya kulungu, nakuta mambo yale yale: pembe inasuguliwa kwa msasa mpaka ing'ae, kamba ya ngozi inafungwa kwa madaha, picha inapigwa juu ya gogo, halafu kazi ya kukishikiza kijiti ndani ya pembe inamalizwa kwa maneno machache tu, yaani toboa tundu, tia gundi, subiri ikauke. Hatua hiyo ndiyo kazi yenyewe. Anayeipitia juu juu anamkabidhi mwenzake kifaa kitakachomwangusha siku ya mvua, vidole vikiwa vimekufa ganzi na kiberiti kimelowa.

Kilichonisukuma kuandika ni kiwashio nilicholetewa na kijana aliyefuata maelekezo ya namna hiyo neno kwa neno. Kwa nje kilipendeza kweli kweli. Nilikishika kijiti kwa vidole viwili, nikakizungusha kidogo, kikatoka chote bila ubishi. Gundi ilikuwa imeganda mdomoni mwa tundu kama utando mwembamba, na huko ndani hapakuwa na kitu isipokuwa vitundu vya mfupa vilivyokauka na unga wa kijivu uliomwagika kiganjani mwangu. Unga huo ulikuwa ni kijiti chenyewe, kilichokuwa kikioza mahali ambapo mwenye nacho hawezi kupaona.

Na sababu yake inajulikana, jambo ambalo ndilo linalonikera zaidi. Pembe ya kulungu, ile yenye matawi ambayo mnyama huidondosha na kuiotesha upya kila mwaka, ni mfupa mtupu. Ukiikata utaona ganda gumu kwa nje na sehemu ya kati yenye vitundu vingi kama sifongo. Gundi ukiimimina humo hunywewa na vitundu hivyo kabla haijashika, kwa hiyo kijiti kinabaki kimeshikwa na upepo. Baadaye vitundu hivyo hivyo vinafyonza maji ya mvua na jasho la mkono, na kuyahifadhi yakigusa kijiti. Ferosiriamu, iliyobuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1903, ni mchanganyiko wa chuma na siriamu pamoja na metali nyingine za jamii yake, na siriamu ni metali yenye pupa ya oksijeni. Pupa hiyo ndiyo inayofanya chembe zinazokwanguliwa ziwake papo hapo kwa joto linalokaribia nyuzi 3,000 za Selsiasi, na ndiyo hiyo hiyo inayokiozesha kijiti kikikaa kwenye unyevu. Mtu anayefundisha kazi hii bila kusema neno hata moja kuhusu unyevu anafundisha nini hasa?

Inavyotakiwa ni kuchagua ncha ya tawi, ambako mfupa umeshikana zaidi, yenye unene wa kutosha kubakiza ukuta wa milimita 4 au 5 kila upande wa tundu. Pembe iliyopauka na kupasuka kwa kukaa sana juani haifai hata ikipendeza. Funga pembe kwenye jiliwa, ukiizungushia kitambaa isikwaruzike, kisha toboa polepole, ukichomoa biti mara kwa mara ili kutoa unga, kwa sababu mfupa ukipata moto hunuka na kupasuka. Kwa kijiti cha milimita 8, tundu liwe pana kidogo kuliko kijiti na lisipungue kina cha milimita 25. Halafu inakuja hatua ambayo hakuna anayeionyesha: changanya gundi nyepesi ya epoksi, ile ya sehemu mbili, ipake ndani ya tundu mpaka vitundu vyote vishibe, iache igande kabisa, kisha pitisha biti tena. Hapo ndipo unapopata ukuta unaoweza kushika kitu. Mwisho wa kijiti unaoingia ndani ukwanguliwe ile rangi nyeusi ya kiwandani, uchorwe mikwaruzo kwa tupa ya mkono, ufutwe kwa spiriti, ndipo upakwe epoksi na kuingizwa kwa kuzungusha ili hewa itoke. Baada ya hapo, kiache usiku na mchana bila kukigusa, hata kama kopo la gundi linajisifu kwamba hushika kwa dakika tano.

Supaglu isitajwe kabisa. Ikikauka inakuwa ngumu na dhaifu kwa mshtuko, nayo kazi ya kijiti hiki ni kupigwa na kukwanguliwa kwa nguvu kila siku ya matumizi yake.

Kuna jingine ambalo si la kukosa ustadi tu, bali ni la hatari. Nimeona mtu akikata kijiti cha ferosiriamu kwa mashine ya kusagia, bila miwani, huku marundo ya unga yakijikusanya mezani kando ya matambara. Unga huo unashika moto, na ukishawaka hauzimwi kwa maji bali kwa mchanga mkavu. Kijiti kikatwe taratibu kwa mkono, unga uondolewe kadiri unavyopatikana, na macho yafunikwe. Vumbi la pembe nalo ni la mfupa, halifai kuingia mapafuni, kwa hiyo barakoa si pambo. Yote haya ni maneno ya nusu dakika, lakini hayasemwi, ila nafasi ya kuonyesha kamba ya ngozi haikosekani kamwe.

Wapo pia wanaoshauri pembe ya kulungu ichemshwe na kunyooshwa kama ya ng'ombe. Pembe ya ng'ombe ina ala ya kitu kile kile kilichomo kwenye kucha, ndiyo maana hulainika kwa joto na kukubali umbo jipya. Mfupa hauna tabia hiyo, na kuuchemsha ovyo ni kuudhoofisha.

Kwa hiyo naomba, na nasema kwa uzito wote, kila aliyeweka maelekezo ya kiwashio hiki arudi kuyarekebisha au ayaondoe. Onyesheni pembe iliyokatwa ili watu waone sifongo ilipo, tajeni aina ya gundi na muda wake, na kabla ya kuweka picha, kifungeni kijiti kwenye jiliwa, mshike mpini kwa mikono miwili, mvute na kuzungusha kwa nguvu zenu zote mbele ya macho yetu. Kikichomoka, msimpe mtu.